Wikendi tano bila kuokota hata pembe moja ya kulungu: ninakosea wapi?

Nyayo_Tulivu anauliza:

Wanajamvi wenzangu, salaam.

Kazi yangu ni kuongoza wageni porini, na kama wenzangu wa kazi hii wanavyojua, uwindaji ukishafungwa na uvuvi wa mitoni ukiwa haujafunguliwa, kinabaki kipindi cha miezi miwili au mitatu ambacho mtu hana mgeni wala safari. Mwaka huu niliamua kwamba badala ya kukaa nikihesabu siku, nijifunze kuokota pembe za kulungu, yaani zile ambazo madume huzidondosha zenyewe kila mwaka kuelekea mwisho wa majira ya baridi. Nina ruhusa ya maandishi ya wenye ardhi wawili wanaopakana. Upande mmoja ni shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, katikati kuna kijito chenye vichaka vizito, na upande wa pili ni kilima cha mialoni ambacho mgongo wake umefunikwa na misonobari. Kulungu waliopo ni wale wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini, na ni wengi. Nyayo zao ziko kila mahali.

Tangu wiki ya kwanza ya Januari nimetembea wikendi tano, kilomita 12 hadi 15 kwa siku, nikifuata njia zao kutoka shambani hadi kileleni, na sijaokota hata kipande. Hilo ningeweza kulivumilia. Lililonifanya niandike ni tukio la Jumamosi iliyopita. Nilikata njia kupitia kwenye misonobari nikawaamsha kulungu saba au wanane waliokuwa wamelala. Wengine walipata njia yao ngumu iliyokwisha kukanyagwa wakaondoka, lakini jike mmoja aliruka pembeni akazama kwenye theluji hadi kifuani. Alijivuta, akasimama, akajivuta tena, kisha akatulia akihema kwa nguvu, mvuke ukimtoka puani, nami nikiwa hatua arobaini tu kutoka kwake. Nilirudi nyuma polepole kwa njia niliyojia, lakini sura yake haijanitoka hadi leo.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kwa haya. Je, nimeanza mapema mno? Nielekeze macho wapi badala ya kutembea ovyo? Na je, ipo namna ya kuifanya kazi hii bila kuwatesa wanyama ambao mwaka mzima ndio wanaonipa riziki? Kuna mtu pia amenishauri nifunge waya juu ya chakula ili pembe zinase na kung'oka. Moyo wangu unakataa, ila ningependa kusikia kwa wenye uzoefu.

Mzee_wa_Vichaka anajibu:

Ndugu Nyayo_Tulivu, ahsante kwa kueleza wazi, hata lile la jike kwenye theluji, maana wengi hulificha.

Ndiyo, umeanza mapema, na pia unatembea sana kuliko unavyotazama. Kulungu wa mkia mweupe huanza kudondosha pembe katikati ya majira ya baridi, wengi wao kati ya Januari na Machi, na katika eneo moja dume mmoja anaweza kuwa hana pembe mwezi mzima kabla ya jirani yake. Ukiingia Januari unatafuta kitu ambacho sehemu kubwa yake bado kiko vichwani mwa wenyewe, na kile kidogo kilichokwisha kudondoka kimefunikwa na theluji. Hasara mbaya zaidi ni kwamba unawafukuza wenye pembe wakaziangushe kwenye ardhi ambayo huna ruhusa ya kuikanyaga. Mimi hukaa mbali na darubini hadi nione kwamba madume wengi wanaokuja shambani jioni wana vichwa vitupu. Hapo ndipo huanza kuhesabu siku za theluji kuyeyuka.

Kuhusu mahali, usifuate kila njia. Nyayo unazoziona nyingi zinaweza kuwa za vuli, yaani majira yanayotangulia baridi, wakati madume walipokuwa wakizunguka kutafuta majike; mwisho wa majira ya baridi mnyama hazunguki, anaishi kati ya chakula na malazi, na huko ndiko anakomaliza saa zake karibu zote. Katika ardhi uliyoieleza, chakula ni lile shamba la mahindi, hasa kona zake zilizo karibu na vichaka ambako kulungu husimama kwanza kabla ya kujitokeza. Malazi ni misonobari wakati wa upepo na theluji nzito, lakini siku za jua kali na baridi kavu wao hutoka na kulala kwenye mteremko unaotazama kusini, ambako jua la upande wetu huu wa kaskazini mwa ikweta hupiga mchana kutwa na theluji huyeyuka kwanza. Kama kilima chako kina mteremko wa namna hiyo chini kidogo ya mgongo, nenda hapo kabla ya mahali pengine popote. Utaona vibonde vidogo vya mviringo vilivyobonyea kwenye majani makavu, kila kimoja ukubwa wa mwili wa mnyama aliyejikunja. Zunguka kila kimoja taratibu.

Baada ya hapo nenda kwenye vizuizi, yaani uzio, mfereji, ukingo wa kijito, gogo kubwa lililolala njiani. Mnyama anaporuka na kutua, kichwa hutikisika, na pembe iliyokwisha kulegea haihitaji zaidi ya hapo. Tazama pande zote mbili, na zaidi upande anakotua.

Sasa lile la macho, ambalo ndilo lililonichukua miaka mingi kulijua. Usitafute pembe nzima. Pembe nzima iliyolala wazi juu ya majani ni ile ya kwenye picha. Unachokutana nacho kwa kweli ni ncha moja, kama kidole, iliyochomoza kwenye nyasi zilizolala, au kipande cha mkunjo kinachong'aa kwa namna ambayo tawi haling'ai. Tawi lina gamba, lina vifundo, na hupungua unene bila mpangilio, wakati pembe ni laini na mkunjo wake ni mmoja, safi. Siku ya mawingu baada ya mvua ni bora kuliko siku ya jua, kwa sababu jua hutengeneza vivuli elfu moja vinavyofanana na pembe, na majani yaliyolowa huwa meusi kiasi kwamba mfupa hujitenga nayo. Tembea hatua kumi, simama, tazama mbele na kando, kisha geuka utazame ulikotoka, kwa maana kuna pembe ambazo zinaonekana kutoka upande mmoja tu.

Ukiipata moja, usiondoke. Weka alama pale pale, kisha zunguka kwa duara linalopanuka. Ya pili inaweza kuwa hatua tatu kutoka hapo, au ng'ambo ya shamba, kwa kuwa pembe mbili za dume mmoja zinaweza kuachana kwa saa chache au kwa siku kadhaa. Lakini uwezekano wa kuipata karibu ni mkubwa vya kutosha kustahili saa nzima ya uvumilivu.

Mifupa_na_Majani anajibu:

Namuunga mkono Mzee_wa_Vichaka, nami niongeze kidogo juu ya kinachotendeka ndani ya mnyama, kwa sababu mtu akikielewa hatahitaji kukumbushwa asubiri.

Kwanza jina, ambalo huwachanganya wasomaji wetu wengi. Kulungu wa misitu ya Afrika Mashariki ni jamaa ya tandala na pofu. Pembe zake ni ala ngumu, ya kitu kama cha kwato, iliyovaa juu ya kiini cha mfupa, na hubaki nazo maisha yake yote. Huyu tunayemzungumzia hapa tumemwazima jina kwa sababu hatuna mnyama wa jamii yake kusini mwa Sahara. Katika Afrika yote, jamii yake ya asili inapatikana kaskazini tu, kama vile Aljeria na Tunisia. Wasomaji wa Biblia wanamjua kwa jina la ayala. Pembe zake ni mfupa mtupu, huota upya kila mwaka juu ya kikonyo cha mfupa kilicho kwenye fuvu, zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye vinyweleo na mishipa ya damu, na hukua haraka kuliko karibu kiungo kingine chochote cha mnyama anyonyeshaye. Dume mkubwa wa wapiti, binamu mzito wa kulungu huyu, huongeza takriban sentimita 2 kwa siku katika kilele cha kukua, na jozi yake iliyokomaa inaweza kufikia kilo 18. Fikirini mnyama anayejenga mzigo huo kwa miezi minne kisha anautupa, na mwaka unaofuata anaanza tena bila chochote.

Saa inayoendesha yote haya ni urefu wa mchana. Watafiti waliowaweka kulungu chini ya taa na kubadilisha mzunguko wa mwanga waliweza kuwafanya waote na kudondosha pembe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Katika hali ya kawaida, testosteroni, homoni ya kiume, hupanda vuli, ngozi ile hukauka na kuchubuliwa kwenye miti, mfupa hubaki mkavu na mgumu kwa ajili ya mapambano. Msimu wa kupandana ukiisha homoni hushuka, na hapo seli zinazomeng'enya mfupa huanza kula tabaka jembamba kati ya kikonyo na pembe. Pembe iliyohimili misukumano ya madume wenye hasira huja kudondoka kwa mnyama kujitikisa maji masikioni. Dume aliyejeruhiwa au aliyekonda huelekea kuzidondosha mapema. Mwenye afya na chakula hukaa nazo zaidi.

Ndiyo maana tarehe hazifanani kwa jamii zote. Wapiti wengi huzidondosha Machi na Aprili. Paa-kulungu yule mdogo wa Ulaya huziacha kati ya Oktoba na Desemba na kuotesha mpya katikati ya baridi, kinyume na wenzake wengi. Kulungu wa madoa wa India, ambako mchana haubadiliki sana, anaweza kukutwa na pembe za hatua yoyote mwezi wowote.

Sasa yule jike wako. Kulungu wakati huu wa mwaka anaishi kwa akiba ya mafuta aliyoiweka vuli, kwa sababu vijiti na machipukizi anayokula havimrudishii nguvu anazotumia. Hupunguza mwendo, hulala muda mrefu, na mwili wake hupunguza matumizi. Kila anapofukuzwa kwenye theluji nzito anatumia akiba ambayo hawezi kuirudisha hadi majani yaote, na majike wengi wakati huo wana mimba. Mara moja haimuui. Mtu anayerudi kila wikendi, akifuatwa na mwingine aliyesikia kwamba hapo pana pembe, ndiye anayefanya Machi, mwezi ambao tayari ni mgumu kuliko yote, uwe wa mwisho kwa baadhi yao. Ulifanya vema kurudi nyuma. Sasa yaache misonobari yale hadi theluji iishe.

Na waya, nakuomba kwa dhati, usifunge. Dume ambaye pembe zake bado zimeshika hataziacha hapo. Atanaswa yeye, atapigana na waya hadi achoke au avunje kikonyo, na kikonyo kikivunjika jeraha hufika kwenye fuvu. Nimewahi kumwona mmoja aliyeburuta waya na kipande cha nguzo kwa siku nyingi. Hakuna pembe inayostahili hilo.

Mpaka_na_Sheria anajibu:

Wenzangu wamemaliza ya porini, mimi nitasema ya vitabuni kwa ufupi, kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba kitu kilichoanguka chini hakina mwenyewe.

Ruhusa ya maandishi uliyonayo ni jambo la kwanza na umelitimiza. Kwenye ardhi ya umma, uliza kabla ya kwenda, kila mwaka, maana kanuni hubadilika. Jimbo la Wyoming, Marekani, kwa mfano, hufunga uokotaji kwenye ardhi ya umma ya maeneo yaliyotajwa kuanzia Januari 1 hadi Aprili 30, kwa sababu ile ile aliyoieleza Mifupa_na_Majani, yaani kuwapa wanyama nafasi ya kumaliza baridi. Watu hujipanga kwa mamia kusubiri mwezi Mei uingie. Jimbo la Utah nalo hutaka mtu apitie kwanza mafunzo mafupi ya maadili kwenye intaneti. Katika hifadhi za taifa za Marekani, Yellowstone ikiwemo, kuondoa pembe ni kosa mwaka mzima, hata ukiikuta katikati ya njia. Kwenye hifadhi ya wapiti iliyo kando ya mji wa Jackson, Wyoming, iliyoanzishwa 1912, pembe hukusanywa na vijana wa skauti kwa kibali maalumu, kisha hunadiwa hadharani na sehemu kubwa ya mapato hurudi kuwatunza wanyama wenyewe.

Jambo la pili ni fuvu. Pembe iliyodondoka yenyewe ina kitako chenye chembechembe, kama uso wa jiwe lililokwaruzwa, na ukingo uliovimba kukizunguka. Ukikuta jozi iliyoshikamana na fuvu, huyo ni mnyama aliyekufa, na mahali pengi huruhusiwi kumchukua kabla ya kuwaarifu maofisa wa wanyamapori. Sababu mojawapo ni ugonjwa wa kukonda wa kulungu, ambao uligunduliwa katika jimbo la Colorado mwaka 1967 na husababishwa na prioni, protini iliyopotoka umbo ambayo hudumu udongoni miaka mingi. Ubongo na uti wa mgongo ndiyo hubeba nyingi, kwa hiyo kusafirisha fuvu ambalo halijasafishwa kutoka eneo moja hadi jingine kunaweza kuwa ni kusafirisha ugonjwa. Piga picha, andika mahali, piga simu, endelea na safari yako.

Pua_Baridi anajibu:

Mimi hutafuta na mbwa, naye hunipata pembe ambazo ningezipita nikizikanyaga, hasa zile zilizozama kwenye nyasi ndefu. Nilimfundisha kwa pembe mbichi, niliyoishika kwa glavu ili asijifunze harufu ya mkono wangu badala ya ile ya mfupa, nikianzia ndani ya nyumba kisha uani kisha porini. Lakini nasisitiza: mbwa hupelekwa baada ya theluji kuondoka, na ni lazima awe ameshika amri ya kurudi anapoitwa hata akiona kulungu akikimbia mbele yake. Mbwa asiyerudi ni mbaya mara kumi kuliko wewe na zile kilomita zako 15.

Jambo jingine dogo: ukisubiri, usisubiri kupita kiasi. Panya, kindi na nungu huguguna pembe kwa ajili ya kalisi na fosforasi, nao hawana subira. Nimeokota nyingi zilizobaki nusu.

Nyayo_Tulivu anajibu:

Wanajamvi wenzangu, narudi baada ya wiki saba, na naomba radhi kwa kimya.

Niliacha kabisa kuingia. Badala yake nilikaa jioni kwenye kona ya mbali ya shamba la mahindi na darubini, nikiandika daftarini idadi ya madume wenye pembe na wasio nazo. Katikati ya Februari wengi walikuwa nazo. Wiki ya pili ya Machi niliona mmoja tu, tena mwenye pembe ya upande mmoja. Lakini daftari lilinifundisha kitu ambacho kilomita zote zile hazikunifundisha. Karibu wote walikuwa wakishuka kwa sehemu moja, wakiruka kijito pale ukingo ulipobomoka, kisha wakasimama kwenye vichaka dakika ishirini nzima kabla ya kutoka. Nilikuwa nimepita hapo mara tano bila hata kusimama.

Theluji ilipoisha niliingia Jumapili moja ya mawingu. Pale kwenye ukingo, upande wanakotua, niliona kitu cha rangi ya chai ya maziwa kikiwa kimechomoza kwenye nyasi zilizolala, si zaidi ya urefu wa kidole gumba. Nilipiga magoti. Ilikuwa pembe ya kulia yenye ncha nne, nzito kuliko nilivyotarajia, bado na vipande vya gamba la mti kwenye vinundu vya chini alikokuwa akijisugua vuli. Kwenye ncha ya pili palikuwa na mistari midogo miwili miwili, sambamba, iliyochongwa na meno ya panya aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza. Kitako chake ni kama Mpaka_na_Sheria alivyosema, jiwe lililokwaruzwa. Nilikipitishia kidole mara nyingi.

Nilizunguka saa moja na nusu kwa duara la Mzee_wa_Vichaka na sikuipata ya pili. Kwenye mteremko unaotazama kusini nilipata nyingine mbili ndogo, moja ya mwaka huu na moja kuukuu, nyeupe, yenye nyufa na ukungu wa kijani, ambayo niliiacha hapo hapo kwa ajili ya panya.

Mzee, nina swali moja lililobaki. Ile ya kushoto, niitafute ng'ambo ya shamba, au nirudi kwenye vichaka vile vile?

Mzee_wa_Vichaka anajibu:

Hongera sana, ndugu yangu. Rudi kwenye vichaka kwanza, mahali wanaposimama zile dakika ishirini, na safari hii ingia kutoka upande wa shamba ukielekea kijitoni, kwa sababu hadi sasa umeviona kwa upande mmoja tu. Ikikosekana, fuata njia yao kutoka hapo hadi mahali walipokuwa wakila, ukitazama pande zote mbili kwa upana wa hatua tano. Fanya hivyo ndani ya wiki mbili, kabla nyasi mpya hazijainuka, maana zikishainuka hutaiona hadi mwakani.

Na lile daftari usilitupe. Dume akiwa hai, huelekea kudondosha pembe zake karibu na tarehe zile zile na katika sehemu ile ile ya ardhi, kwa hiyo Machi ijayo utajua pa kuanzia.